Oili, grisi au grafaiti: fahamu kinachozuia vyuma kulana

Ukifika Gerezani, jirani na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, utakuta maduka ya vipuri yamepanga makopo ya oili na grisi ya kila aina. Msikilizaji unayemwagiza mtu akuletee oili ya pikipiki au grisi ya mashine ya kusaga, ni vizuri ujue unachoagiza. Oili isiyofaa huua injini.

Msuguano ni nini?

Ni nguvu inayopinga kitu kimoja kuteleza juu ya kingine. Chuma, hata kikiwa kimeng'arishwa, kina vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Vyuma viwili vikisuguana vikavu, vilima hivyo hukwama na kukwanguana. Matokeo yake ni joto, kulika kwa chuma na nguvu kupotea bure. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo analijua hilo: beringi ikikauka, mzigo uleule unakuwa mzito zaidi.

Aina za ulainishaji

*Utando kamili.* Injini ya daladala inapozunguka, kranki shafti huvuta oili kwenye nafasi finyu kati yake na beringi. Oili huiinua, chuma kisiguse chuma. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele, lakini ndio unaobeba mzigo.

*Utando hafifu.* Wakati wa kuwasha, au mashine ikienda taratibu na mzigo mzito, utando huo hukatika na vyuma hugusana. Hapo kinga ni kemikali zilizochanganywa kwenye oili, kama zile zenye zinki na fosforasi, ambazo hushika kwenye chuma kama ngozi nyembamba. Ndiyo maana haifai kuwasha pikipiki asubuhi na kupiga resi hapohapo.

*Grisi.* Hii kwa kawaida ni oili iliyoshikwa na sabuni maalumu isitiririke. Hufaa beringi za magurudumu na za mashine ya kusaga, mahali ambapo oili ingevuja.

*Kilainishi kikavu.* Grafaiti, ileile iliyomo kwenye penseli, huteleza kwa matabaka. Hufaa kwenye kufuli kwa sababu hainasi vumbi kama oili.

Kila mashine na oili yake

Cherehani hutaka oili nyepesi. Ukiweka nzito, inakuwa ngumu kukanyaga. Kwenye bodaboda nyingi, oili moja huhudumia injini, gia na klachi. Klachi inahitaji msuguano ili ishike, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, lenye namba ya unene iliyotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, kwa mfano 20W-50.

Oili iliyokwisha kumwagwa usiirudishe kwenye injini: imebeba masizi na chembe za chuma, na kemikali zake za kinga zimechoka.

Kumbuka pia kwamba msuguano si adui kila mahali. Usipake oili wala grisi kwenye breki au mkanda wa mashine ya kusaga.

Pima kiwango cha oili mara kwa mara na uibadilishe kwa wakati. Kopo moja la oili ni nafuu kuliko pistoni mpya na kuchongesha silinda.