Tabia Mbili za Oksidi za Metali

Afikaye ufuko wa Dunda maji yakupwapo, karibu na soko la samaki la Bagamoyo, huona vyombo vimelazwa mchangani vikingoja kukwanguliwa na kupakwa upya. Na kazi hiyo, ambayo wazee waliifanya kwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili mbao zisiliwe na wadudu wa baharini, siku hizi katika bandari nyingi za dunia hufanywa kwa rangi nyekundu yenye oksidi ya shaba. Maji ya chumvi huila rangi hiyo taratibu, ayoni za shaba hutoka, na ziingiapo katika mwili wa kiumbe mdogo atafutaye mahali pa kushika huamsha, pamoja na madhara mengine, aina kali za oksijeni zenye kupora elektroni za mafuta, protini na vinasaba. Uporaji huo ndio uoksidishaji. Mabaki yaliyokwanguliwa hayapotezi tabia hiyo yaangukapo mchangani, nayo yastahili kuzolewa, si kuachiwa kaa na chaza.

Hata hivyo, katika ukoo huohuo wa oksidi za metali wamo walinzi. Chembe za nano za oksidi hizo, ambazo upana wake ni kati ya nanomita 1 na 100, zina uso mkubwa mno kwa kadiri ya uzito wake, kama donge la chumvi ya mawe lililopondwa. Na ni juu ya uso huo ndipo mambo yote hutendeka. Oksidi ya seri ndiyo mfano ulio bora, maana atomi zake huweza kupokea elektroni na kuitoa tena bila kuchakaa, na kwa sababu hiyo huiga kazi ya kimeng'enya kile ambacho wanasayansi McCord na Fridovich walikibainisha mwaka 1969, chenye kuituliza oksijeni kali na kuigeuza kuwa peroksidi ya hidrojeni. Kisha oksidi hiyo huivunja peroksidi nayo. Lakini palipo na asidi nyingi, uwezo wa kuvunja hudhoofika ilhali peroksidi yaendelea kuzaliwa, na mlinzi hugeuka mharibifu. Aulizaye kama chembe hii ni dawa au sumu, pasipo kutaja ukubwa wake, mahali ilipo na mwanga uliopo, hajauliza swali lenye jibu.

Nimetaja mwanga kwa makusudi. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani walionyesha kuwa oksidi ya titani, ipigwapo na mionzi ya urujuanimno, huweza kuyapasua maji. Na oksidi hiyohiyo, pamoja na ya zinki, hutiwa katika mafuta ya kukinga jua, ambako mwanga huohuo waweza kuzaa oksijeni kali. Ndiyo maana watengenezaji hodari huchagua oksidi ya titani ya umbo la rutili, lililo tulivu kuliko umbo jingine liitwalo anatasi, na kuivika kila chembe ganda jembamba la silika au alumina, ili mionzi izuiwe na oksijeni hiyo kali isizaliwe.

Haifai basi kumtisha kwa neno nano ndugu mwenye ualbino auzaye samaki juani hapa petu, nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, ambapo saratani ya ngozi ni adui yake wa kila siku. Na apake, avae kofia pana na mikono mirefu; na mafuta ya Kilisun, yatengenezwayo katika kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu kama yeye, yamfikie hata huku pwani.