Bunduki ya Mmarekani na upinde wa Kolo (sehemu ya pili)

Anayepanda mlima wa Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, hufika akihema kwenye mwamba ulioinama kama paa la baraza. Hapo ni Mungomi wa Kolo, sehemu ya eneo la michoro ya kale ambalo UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Watu waliochorwa kwa rangi nyekundu ni warefu na wembamba kama mabua ya mtama. Katika michoro ya eneo hili wamo pia wawindaji, pinde mkononi.

Pinde hizo hazikuishia mwambani. Wasandawe, ambao wengi wako wilaya jirani ya Chemba, wamejulikana vizazi kwa vizazi kwa upinde na mishale ya sumu. Mzee akipita njiani na podo begani, hakuna anayeshtuka wala kumuuliza anamwinda nani. Ni chombo cha nyumbani, kama jembe. Mmarekani wa shamba, aliyefundishwa na babu yake kulenga kulungu, anataka bunduki yake itazamwe vivyo hivyo, na hapo ndipo ugumu wa kumwelewa unapoanza, kwa sababu mezani pake kuna zaidi ya uwindaji.

Mwaka 2018 watafiti wa Small Arms Survey, walioko Geneva, walikadiria kwamba raia wa Marekani wana bunduki milioni 393. Ni nyingi kuliko watu wenyewe. Mwaka mmoja kabla, taasisi ya Pew iliwahoji wenye bunduki, na karibu robo tatu yao wakasema haki ya kuzimiliki ni sehemu ya lazima ya uhuru wao. Uhuru, si kitoweo.

Neno hilo lina tarehe yake. Aprili 1775 askari wa mfalme wa Uingereza walitoka Boston usiku kwenda Concord kukamata silaha na baruti za walowezi. Asubuhi, pale Lexington, wakakuta wakulima wamejipanga na bunduki zao. Vita vilivyoanza siku hiyo vilizaa dola, na mtoto wa Kimarekani husimuliwa kisa hicho shuleni. (Kwamba katika majimbo ya kusini mtumwa mweusi alikatazwa kugusa bunduki, hilo husimuliwa kwa sauti ya chini.)

Uwanda wa kati wa Tanzania uliijua bunduki kwa njia nyingine. Ilikuja na misafara ya pembe kutoka Bagamoyo, ikapita Ugogo ambako watemi walidai hongo, ikafika Tabora. Mtemi Mirambo alijenga dola yake kwa rugaruga, wapiganaji wake wenye bunduki. Kisha mwaka 1890, mjini Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoachiwa mlango, tena kwa masharti, ni bunduki za gumegume: baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, ikashindiliwa kwa ufito, kisha mpigaji aombe Mungu isimlipukie. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipozidiwa na Wajerumani, Januari 1893, alijilipua kwa baruti yake ndani ya ngome. Na uhuru wa 1961 ulipatikana kwa majadiliano na kura. Hatuna Lexington yetu ya ushindi. Tuna Maji Maji, ambako risasi zilikuwa upande wa mkoloni.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba maneno ya katiba ya Marekani yangeeleweka vizuri Dodoma. Rekebisho la Pili, la mwaka 1791, linaanza kwa kutaja mgambo, ndipo linaposema haki ya watu ya kuwa na silaha isiingiliwe. Je, haki ni ya mgambo au ya kila mtu? Wamarekani wamebishana miaka mingi. Chama cha wenye bunduki cha NRA, kilichoanzishwa 1871 ili kufundisha shabaha, kiligeuzwa kuwa jeshi la siasa baada ya wanachama kuwapindua viongozi wao katika mkutano wa Cincinnati mwaka 1977. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua, majaji watano kwa wanne: haki ni ya mtu binafsi, hata kwa kujilinda tu nyumbani.

Tanzania ilishika ncha nyingine ya neno lilelile, mgambo. Baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, Januari 1971, Mwongozo wa TANU ulitaka wananchi wafunzwe mgambo, lakini chini ya chama na dola. Miaka ya themanini wafugaji wa Shinyanga na Tabora, wakiwa wamechoshwa na wezi wa ng'ombe, waliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu bila kungoja ruhusa ya mtu. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua. Lakini anayetaka bunduki bado anaomba leseni chini ya sheria ya silaha ya 2015. Sungusungu walitambuliwa wakiwa na pinde na mishale yao.