Mfanyabiashara Mdogo na Bohari ya Serikali

Tangu Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza matibabu ya bure, mnunuzi mkuu wa mahitaji ya hospitali katika Visiwa vyetu amekuwa Serikali yenyewe. Na hospitali haiendeshwi kwa dawa peke yake. Wagonjwa hula, hulala juu ya mashuka. Wodi hupigwa deki, madaftari huchapishwa, vitanda na meza hutengenezwa vinapovunjika. Mengi ya hayo yamo katika uwezo wa washoni, maseremala, wavuvi na wakulima wa mboga wa Unguja na Pemba.

Wako wanaodhani kwamba kinachomzuia mfanyabiashara mdogo ni bei yake. Sisi hatuafiki. Bei yake aghalabu ni nafuu. Kinachomshinda ni mambo mawili, karatasi na kungoja, na katika hayo mawili la pili ndilo linaloua.

Kuhusu karatasi, lawama si za Serikali peke yake. Ununuzi wa umma Zanzibar unasimamiwa na Sheria Na. 11 ya 2016, na taasisi ya afya haiwezi kumpa fedha za wananchi mtu asiye na usajili wa biashara, leseni na namba ya mlipakodi. Mshoni aliyezoea kuuza kwa mkono mtupu na ahadi ya mdomo hana budi abadili mwenendo. Aidha, asome maelezo ya zabuni neno kwa neno. Zabuni ikitaka mashuka ya pamba tupu yanayostahimili kuchemshwa na kutiwa klorini, kitambaa cha mchanganyiko kitakataliwa bohari hata kikiwa kizuri machoni. Na asikimbilie dawa na vifaa vya tiba. Hizo zina masharti ya Wakala wa Chakula na Dawa, zina tarehe za mwisho wa matumizi, na baadhi yake zahitaji ubaridi tangu kiwandani hadi kituoni. Aanze na kile anachokijua.

Sasa tuje kwenye kungoja. Anayeiuzia Serikali huuza mara mbili: mara ya kwanza anapokabidhi mali, mara ya pili anapodai malipo. Tuchukue mfano wa mshoni aliyekopa shilingi milioni 2 katika ushirika, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, akitumaini faida ya shilingi 300,000. Akilipwa baada ya miezi 6, riba imekwisha kula 240,000. Amefanya kazi ya nusu mwaka kwa shilingi 60,000. Mfanyabiashara mkubwa huistahimili hali hiyo kwa kuwa anayo mitaji mingine, na mwakani huongeza bei ili afidie ucheleweshaji. Kwa hiyo Serikali inayochelewa kulipa hununua ghali, nayo hujidhania imebana matumizi.

Tuliopitia chuoni tulifundishwa kwamba deni la muda huandikwa. Basi mwenye mali asitoe hata kipande kimoja kabla ya kuwa na agizo la maandishi lenye sahihi. Siku ya kukabidhi, adai hati ya mapokezi palepale, wala asiambiwe "njoo kesho", kisha apeleke ankara siku hiyohiyo. Karatasi hizo tatu zikilingana kwa idadi na bei, mhasibu hana pa kujifichia. Zikitofautiana hata kwa shuka moja, faili litalala.

Kwa watendaji tuna neno. Tanzania Bara sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni hatua njema, lakini kikundi kilichoshinda zabuni na kisilipwe kwa wakati hakikusaidiwa, kimetiwa deni. Wengine wakiombwa wagawe zabuni kubwa hujibu kwamba ni marufuku kukata ununuzi vipande. Kinachokatazwa ni kukata kwa nia ya kukwepa ushindani. Kutangaza zabuni moja iliyo wazi yenye mafungu, mboga fungu lake, samaki fungu lake, na kila mtu aombe analoliweza, ni jambo jingine kabisa, na maafisa ununuzi wanalijua.

Khususan tuwakumbuke ndugu zetu wa Pemba, ambao katika sensa ya 2022 walikuwa 543,441, nao wana hospitali zao kuanzia Mkoani hadi Micheweni. Samaki wa wagonjwa wa Wete hana sababu ya kununuliwa kwa mkataba uliofungwa Unguja. Na inapotakiwa sampuli, mshoni wa Micheweni asilazimishwe kupanda boti kwa ajili ya shuka moja. Ofisi za Wizara zilizoko Pemba ziipokee, ziitie muhuri na kumpa stakabadhi.