Wageni wa kujitolea Bukavu: ukuta huchorwa kwa wiki moja, mtoto hubaki

BUKAVU — Kwa Kimashi, lugha ya Washi wa Kivu Kusini, Ek'abana maana yake ni nyumbani kwa watoto. Ndilo jina la kituo cha Bukavu kinachopokea watoto, hasa wasichana, waliofukuzwa na jamaa zao baada ya kuitwa wachawi. Anayejulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Natalina Isella, Mtaliano ambaye ameishi Kongo kwa miongo kadhaa.

Huyo ni mgeni wa aina moja. Wa aina ya pili hukaa wiki mbili, na mara nyingi hupewa kazi ya kuchora ukuta wa kituo.

Sababu yake inaeleweka. Kufundisha kunahitaji Kiswahili au Kifaransa, na kumsikiliza mtoto aliyetoka msituni na bunduki kunahitaji mafunzo. Brashi haihitaji lugha. Tena ukuta una picha ya kabla na ya baada, na wafadhili wanapenda picha za namna hiyo. Watoto nao hufurahi kweli, hilo lisidharauliwe: mtoto aliyeachiwa aweke alama ya kiganja chake ukutani ataitafuta kila asubuhi.

Lakini Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Plasta mpya ya saruji inatakiwa ikauke karibu mwezi mzima kabla ya kupakwa rangi ya mafuta. Ya zamani yenye ukungu lazima ikwanguliwe, ioshwe, kisha ipakwe rangi ya msingi. Mgeni wa wiki mbili hana mwezi wa kungoja. Anapaka juu ya unyevu, na mvua zikirudi mchoro unavimba na kubanduka.

Mafundi wa kazi hiyo wapo hapahapa. Tembea Kadutu uone kuta za saluni, maduka ya dawa na makanisa: zimechorwa kwa mkono na watu wanaoijua mvua ya Bukavu. Kazi hiyo haina aibu yoyote. Chéri Samba, mchoraji wa Kongo anayejulikana duniani kote, alianzia kwenye vibao vya biashara mjini Kinshasa katika miaka ya 1970. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja kutoka Ulaya ingemlipa fundi wa namna hiyo, rangi yake, na pengine vijana wawili wa kituo wakajifunza ufundi kando yake. Huenda fundi huyo pia asingechora twiga. Gorila wa Kahuzi-Biega wako karibu kilomita 30 tu kutoka mjini.

Jambo zito zaidi ni kamera. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya Januari 10, 2009, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Sheria haifuti picha, hata hivyo. Msichana akipigwa picha mbele ya ukuta wenye jina la kituo, naye picha ikasambaa kwenye simu, mtaa mzima utajua alikotoka na kwa nini. Kwa kijana aliyetoroka kundi lenye silaha hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu wapo wanaoweza kumtafuta.

Halafu kuna kuagana. Mtoto mdogo humzoea mgeni upesi, na wiki ya pili mgeni anaondoka. Mwezi ujao anakuja mwingine. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, liligusia pia madhara ya wageni kujitolea katika nyumba za yatima. Wengi wa watoto hao wana mzazi au ndugu aliye hai, na kituo chochote makini hutafuta njia ya kuwarudisha nyumbani.

Kujitolea kwenyewe si kitu kilicholetwa na ndege. Shirika la BVES, ambalo neno kujitolea limo ndani ya jina lake kamili la Kifaransa, lilianzishwa Bukavu. Mkuu wake, Murhabazi Namegabe, alikuwa akienda mwenyewe kwa makamanda kudai watoto waliotiwa jeshini, na mwaka 2011 alitunukiwa Tuzo ya Watoto ya Dunia, ambayo hutolewa Sweden.

Tangu M23 waingie Bukavu Februari 2025, mengi yamebadilika. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulisimamisha safari za abiria, mabenki yakafunga milango, na serikali za Magharibi zikawashauri raia wao wasisafiri huku. Wageni wa wiki mbili hawaji tena. Wapishi, walezi na walimu wa vituo, majirani wa watoto haohao, wanaendelea kufika kazini, hata pale mshahara unapochelewa kwa kuwa fedha za wafadhili hazina benki ya kupitia. Anayetaka kusaidia kutoka mbali aanze kwa kukiuliza kituo ni nani anayepika leo, na amelipwa mara ya mwisho lini.