Imamu wa Cape Town na Ngazi za Makaburu

Wasomaji wengi wa ukurasa huu, ukiwatajia mapambano ya kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, hawakawii kukutajia Mandela, Sobukwe au Biko. Wana haki. Lakini kila niulizapo barazani petu ni nani Imamu Abdullah Haron, wazee kwa vijana hunitazama tu, ilhali huyu ni mwenzetu katika dini.

Alizaliwa Cape Town mwaka 1924. Mwaka 1955 alipewa uimamu wa msikiti wa Al-Jamia, mtaa wa Claremont, na tangu 1960 akawa mhariri wa gazeti la Muslim News. Msije mkadhani alikuwa shehe wa kununa. Alipenda suti nzuri na tarbushi iliyokaa sawa, na mchezo wa raga aliupenda pia.

Makaburu walikuwa wameigawa miji kwa rangi za ngozi: Wazungu kwao, wale waliowaita Machotara kwao, Waafrika kwao, na kuvuka kwataka ruhusa. Imamu akashika kazi ya wakala wa kampuni ya peremende. Mfuko wa peremende ndio uliompa kisa cha kuingia Langa, Nyanga na Gugulethu. Na hakuingia na peremende tu. Alipeleka fedha kwa jamaa za wafungwa wa siasa waliobaki hawana mlishaji. Nyingine zilitoka London kwa Kasisi John Collins wa kanisa la St Paul's. Watu wa mitaa ile, wengi wao si Waislamu, walimwita "mfundisi", yaani mchungaji wao. Mimi jina hilo naliona lina uzito kuliko vyeo vingi tunavyopeana.

Tarehe 28 Mei 1969, watu wakiwa katika siku za Maulidi, askari wa usalama walimkamata chini ya sheria iliyoitwa ya ugaidi. Hakufikishwa mahakamani. Alikaa mahabusu peke yake siku 123. Na hapa pana jambo linikeralo kila nikilisoma: mashehe wengi wa mji ule walinyamaza. Maneno ya kuwa siasa haina nafasi msikitini twayajua hata huku kwetu.

Tarehe 27 Septemba akafia korokoroni. Polisi wakasema ameanguka ngazini. Mwili ulikuwa na michubuko zaidi ya ishirini na ubavu uliovunjika. Sisi tuliolelewa katika majumba ya mawe yenye ngazi zisizo na huruma twajua mtu akianguka huumia vipi. Huumia mara moja. Lakini majeraha ya Imamu hayakuwa ya siku moja: mengine mabichi, mengine yana siku kadhaa. Hakimu wa uchunguzi wa 1970 akasema sehemu ya majeraha imetokana na ngazi; mengine hakuweza kueleza yametoka wapi. Hakushitakiwa mtu.

Mazishi yalikuwa tarehe 29. Maelfu kwa maelfu walilisindikiza jeneza kwa miguu hadi makaburi ya Mowbray, Waislamu na wasio Waislamu, na usiku ule ule zilizala ikaitikisa nchi. Wataalamu wa ardhi wana maelezo yao, watu wa Cape Town wana yao, nami sina haja ya kuwaamulia. Tarehe 6 Oktoba, Kasisi Collins akamfanyia ibada ya kumbukumbu huko St Paul's.

Ubaguzi ukaanguka, serikali ikabadilika, na kile kisa cha ngazi kikabaki katika majalada ya mahakama kama kilivyoandikwa. Watoto wake hawakuchoka kudai. Uchunguzi ulifunguliwa upya Novemba 2022, na tarehe 9 Oktoba 2023 Jaji Daniel Thulare akaamua kuwa Imamu aliteswa mpaka akafa, na kwamba waliomuua ni polisi wa usalama. Kisa cha ngazi kilikuwa uwongo.

Mjane wake, Bibi Galiema, hakuusikia uamuzi huo. Alifariki tarehe 29 Septemba 2019, siku ilipotimia miaka 50 tangu mumewe azikwe.