Viungo na Safari Zake (3): Sumaki Juu ya Kiazi Kitamu

Jioni ikiingia Mombasa, mchoma mihogo hupasua muhogo uliotoka motoni, akachovya kipande cha ndimu kwenye pilipili ya unga na chumvi, akausugua ndani ya ule mpasuko. Mnunuzi huuma, hukunja uso, hufumba jicho moja, kisha huomba ndimu iongezwe. Hindi la kuchoma nalo hutendewa vivyo hivyo, na si Mombasa tu. Kiazi kitamu hakimo katika karamu hii. Chenyewe kimepelekwa upande wa chai: huchemshwa na ganda lake, huwekwa kwenye sahani kando ya birika, huliwa asubuhi mahali pa mkate. Ukiingia mwezi wa Ramadhani hupandishwa cheo, kikapikwa kwa tui la nazi na iliki kwa ajili ya futari. Huo ni utamu juu ya utamu.

Makala hii ina ubishi na desturi hiyo. Kiazi kitamu kina sukari yake ya kutosha, na mpishi anayejua kukichoma anaweza kuizidisha bila kutia hata chembe ya sukari ya dukani. Kinachokosa ni uchachu, kitu cha kuushitua ulimi kabla haujachoka. Sehemu mbili zilizotangulia za mfululizo huu zilihusu pilipili manga na mdalasini, viungo vilivyozoeleka katika kila kabati. Cha leo huenda wasomaji wengi hawajakionja.

Kinaitwa sumaki. Si sumaku: hiyo huvuta chuma, hii huvuta mate.

Sumaki ni unga mzito wa rangi ya damu ya mzee, unaosagwa kutokana na matunda madogo yaliyokaushwa ya kichaka ambacho wataalamu wa mimea hukiita Rhus coriaria. Huota kwenye vilima vikavu vya nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, Sicily ikiwemo, na kuendelea mashariki hadi Iran. Matunda hushikana katika vishada, na kila tunda limefunikwa na vinyweleo vyekundu. Uchachu wake hasa ni wa asidi ya maliki, ile ile inayolipa tufaha ukali wake. Jina limetoka katika Kiarabu, na kabla ya hapo katika Kiaramu, kwa neno lenye maana ya wekundu. Lile jina la Kilatini, coriaria, linakumbusha kazi nyingine kabisa: majani ya kichaka hiki yamejaa tanini, na kwa karne nyingi yalitumika kulainisha na kuhifadhi ngozi za wanyama. Wakulima wa Sicily waliuza majani hayo kwa viwanda vya ngozi vya ng'ambo miaka mingi kabla ya watu wa huko Ulaya kuanza kuyasifu matunda yake mezani.

Kwa msomaji wa pwani, ukoo wa sumaki una jambo la kufurahisha. Kichaka hiki ni ndugu wa mwembe na mkorosho; yote mitatu imo katika jamii moja ya mimea. Ni ukoo wenye utomvu wa hasira, kama anavyojua mtu aliyewahi kuungua midomo kwa embe bichi au vidole kwa ganda la korosho. Walioko Marekani na Kanada wana sababu ya kulizingatia hili. Huko porini zipo sumaki zenye vishada vyekundu vilivyosimama wima, na watu huviloweka kwenye maji baridi wakapata kinywaji kikali. Ila upo pia mti wa kinamasi wenye vijitunda vyeupe, nao huitwa sumaki vilevile, na kuugusa tu ni kujitafutia malengelenge. La busara ni kununua dukani.

Kabla malimau hayajaenea kwenye pwani za Mediterania, Warumi walitumia sumaki kutia ukali katika vyakula vyao. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 kina mchuzi wa nyama ulioitwa summaqiyya, na Gaza mpaka leo hupika chakula cha jina linalofanana na hilo wakati wa Idi, kwa nyama, dengu za duara, mboga za majani, ufuta uliosagwa na maji ya sumaki. Wapalestina wengine huimwaga kwa ukarimu juu ya vitunguu vilivyokaangwa taratibu katika mafuta ya zeituni, wakavitandaza kwenye mkate na kuku juu yake. Hicho ni musakhan, chakula cha msimu wa kukamua zeituni. Iran, bakuli la sumaki hukaa mezani pamoja na wali na kebabu kama chumvi ilivyokaa kwingine. Waturuki huichanganya na vitunguu vibichi.

Kiazi kitamu kwa upande wake kilizaliwa mbali sana na vilima hivyo. Asili yake ni Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Wahispania walikipeleka Ulaya, Wareno wakakieneza katika Afrika, na jina lake la visiwa vya Karibi, batata, likasafiri nacho. Njiani jina likachanganyikiwa. Waingereza walilichukua wakalibandika baadaye kwenye kiazi kingine, kile cha mviringo kutoka milima ya Andes, na Waswahili nao wakafanya hivyo hivyo: mbatata ya Zanzibar ni kiazi cha chipsi, wala si kiazi kitamu. Wamisri ndio waliobaki waaminifu. Mjini Cairo, batata ni kiazi kitamu mpaka leo, na majira ya baridi wauzaji husukuma mikokoteni yenye tanuri la pipa na bomba la moshi, wakichoma viazi vizima hadi asali yake inatokeza kwenye ganda.

Delhi wamekwenda hatua moja mbele ya Cairo. Wachuuzi wa huko huchoma kiazi kitamu kwenye makaa, hukimenya, hukikatakata, kisha hukirushia ndimu na mchanganyiko wa viungo ambao uti wake wa mgongo ni unga wa embe bichi lililokaushwa. Embe, tena! Yaani Wahindi walikwishafikia jawabu lile lile kwa kutumia binamu wa sumaki. London, mpishi Yotam Ottolenghi, mzaliwa wa Jerusalem, amefanya mengi kuiingiza sumaki katika majiko ya Waingereza. Yeye na mwenzake Sami Tamimi, Mpalestina, waliweka viazi vitamu vya kuchoma na tini mbichi katika kitabu chao cha mwaka 2012 kinachobeba jina la mji huo waliozaliwa wote wawili.

Sasa moto wenyewe, maana hapa ndipo wapishi wengi wanapokosea.

Ndani ya kiazi kitamu kuna kimeng'enya kinachoitwa beta-amilesi. Kazi yake ni kukatakata wanga na kuugeuza maltosi, ambayo ni sukari. Kiazi kikiwa kibichi kimeng'enya hakifanyi kazi ya maana, kwa sababu wanga umefungana. Joto la ndani likifika kati ya nyuzi 60 na 75 hivi, wanga hulainika na kimeng'enya huanza karamu. Likivuka 80 au zaidi kidogo, kimeng'enya chenyewe huharibika na karamu huisha. Kwa hiyo utamu wa kiazi kilichopikwa hutegemea sana muda kilioutumia kupita katika daraja hilo. Maikrowevu hulivuka kwa dakika chache, na ndiyo sababu kiazi chake huwa laini lakini hakina ladha ya kusimulia. Kiazi kilichofukiwa kwenye majivu ya moto hulivuka kwa mwendo wa jongoo. Wajapani hupata matokeo hayo hayo kwa kuvichoma taratibu katikati ya kokoto za moto. Wasukuma wana ushahidi wao katika ghala: kiazi kilichokatwa kibichi na kuanikwa ni michembe, ambayo lazima ipikwe; kilichochemshwa kwanza ndipo kikakatwa na kuanikwa ni matobolwa, nayo hutafunwa vivi hivi kavu, watoto wakiyajaza mifukoni. Tofauti ni kwamba matobolwa yalikutana na moto kabla ya jua.

Uchachu una mahali pake pia, nao ni mwishoni. Mpishi anayekamulia ndimu viazi vibichi kabla ya kuvitia ovenini anajifanyia hasara mbili. Asidi huimarisha kuta za chembechembe za mboga, kwa hiyo viazi huchelewa kuiva. Tena huchelewesha ule ukahawia wa juu unaoleta harufu ya kuchoma. Hata ikitiwa mwishoni, ndimu ina kasoro moja ndogo: ni maji, na maji hulainisha ukoko uliopatikana kwa taabu. Sumaki ni kavu. Inaleta ukali bila kulowesha kitu, na hiyo ndiyo sababu halisi ya kuisumbukia.

Kwa walaji wanne, kilo moja ya viazi inatosha. Visuguliwe vizuri, visimenywe kama ganda ni safi, vikatwe vipande vya sentimita 3. Vichanganywe na vijiko vitatu vya mezani vya mafuta, chumvi kidogo na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa. Vitandazwe kwenye trei bila kupandana. Vikisongamana vitatoka jasho na kuchemka badala ya kuchomeka. Trei ifunikwe kwa foili, ikae ovenini kwa nyuzi 150 muda wa dakika 30. Huo ndio ule mwendo wa jongoo. Kisha ifunuliwe, moto upandishwe hadi 220, na baada ya dakika 20 au 25, vikiwa vimegeuzwa mara moja, kingo zitakuwa zimekoza rangi. Asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria nzito, makaa machache chini na mengine yaliyopaliwa juu ya kifuniko, kama wapishi wa pwani wanavyomalizia wali, hufanya kazi hiyo bila foili wala umeme.

Vikiwa bado vya moto, vinyunyiziwe vijiko viwili vya chai vya sumaki. Ionjwe kwanza: wasagaji wengi huichanganya na chumvi ili isigande. Majani mabichi yafuate, kotmiri (giligilani kwa wa bara, dania kwa Wakenya) na nanaa, yamekatwa wakati huo huo na si nusu saa kabla. Harufu ya majani hayo imo katika mafuta mepesi yanayotoroka kwa joto. Yakiingia ovenini hubaki nyasi. Kitunguu chekundu kilichokatwa vyembamba kinapendeza. Asali, ambayo wapishi wa magazeti ya ng'ambo hupenda kuimiminia hapa, ni ya kukataa kabisa.

Aina ya kiazi nayo ina lake la kusema. Vile vyeupe na vya rangi ya malai vinavyopendwa Afrika Mashariki ni vya unga, na hushika ukoko vizuri. Vya rangi ya chungwa huwa na maji zaidi, hubaki laini na kuingia rangi haraka, lakini vina karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Gramu 125 za aina nyingi za kiazi hicho zinamtosheleza mtoto mdogo kwa siku, na mafuta yaliyomo katika mapishi haya huusaidia mwili kuichukua. Wakulima wa huku walivikataa mwanzoni kwa sababu hiyo ya majimaji, mpaka watafiti walipozalisha vyenye unga zaidi, kama Kabode, iliyotolewa Uganda mwaka 2007. Kazi hiyo ilimpatia Mganda Robert Mwanga, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016.

Abiria wa mabasi ya Dodoma anayenunua ndoo ya viazi pale Gairo asivitie kwenye friji afikapo nyumbani. Chini ya nyuzi 10 kiazi kitamu huumia kwa baridi, moyo wake ukawa mgumu usioiva hata upikwe mchana kutwa. Vikae mahali pakavu penye hewa. Siku chache za kungoja huvizidishia utamu.

Sumaki hupatikana katika maduka ya viungo ya Waarabu na Waturuki, na wenye ndugu Muscat au Dubai wanajua la kuagiza badala ya manukato. Aliyeikosa atafute unga wa embe bichi katika maduka ya viungo vya Kihindi, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, atumie nusu ya kipimo. Ukwaju haufai kwa ukoko kwa sababu ile ile ya ndimu, ila una sifa zake, na sehemu ya nne wiki ijayo ni yake: mti wa Afrika ambao Waarabu waliuita tende ya Hindi.