Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: mambo ya kujua kabla hujalipa

Unafikiria kununua kompyuta ya kuchezea gemu, kwa ajili yako au kwa kibanda cha kikundi chenu? Kompyuta hiyo hiyo inaweza kuchapa barua, kuhariri video za harusi na kuwasaidia watoto kusoma. Lakini pesa yenyewe mara nyingi ni ya kikundi cha akiba, ya mavuno ya mahindi au imetumwa na ndugu aliye ng'ambo. Ukichagua kifaa kimoja vibaya, muuzaji wa mjini anaweza kukataa kukirudisha, na nauli ya safari ya pili ni yako.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua vifaa hatua kwa hatua. Mifano ya pesa ni ya shilingi za Uganda, lakini kanuni ni zile zile popote ulipo.

Je, umeme wangu unatosha?

Anza hapa, kabla ya kufikiria gemu. Kompyuta ya bei nafuu yenye kadi ndogo ya grafiki, pamoja na monita yake, inaweza kula wati 200 hivi wakati wa kucheza.

Kama unatumia sola, piga hesabu. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni betri ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Zinabaki 600. Inveta nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo unabaki na 500 hivi. Gawa kwa wati 200: ni saa mbili na nusu za kucheza. Sola ndogo ya taa na kuchaji simu haiwezi kazi hii.

Kama unatumia jenereta au umeme unaopanda na kushuka, weka stebilaiza kwenye bajeti tangu mwanzo. Pia tazama nyuma ya kompyuta: baadhi ya pawa saplai zina swichi ndogo ya 115 na 230. Lazima iwe kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 240, pawa saplai itaungua papo hapo.

Ninunue vipande vipya au kompyuta ya ofisi iliyotumika?

Kwa bajeti ndogo, njia rahisi ni kununua kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha kuiongezea kadi ya grafiki na diski ya SSD. Unapata mazabodi, prosesa, kava na pawa saplai kwa pamoja.

Angalia umbo lake:

- Ndogo kama kitabu: haina nafasi ya kadi ya grafiki. Iache.
- Nyembamba: inapokea kadi fupi tu, ile ya nusu kimo.
- Kubwa ya kusimama (tawa): inapokea kadi nyingi. Chagua hii ukiweza.

Njia ya pili ni kuunganisha kompyuta mpya kwa prosesa yenye grafiki ndani yake, kama Ryzen 5 5600G. Hutahitaji kadi mwanzoni, na inakula umeme kidogo. Gemu nyepesi zitacheza vizuri. Gemu nzito utazishusha ubora wa picha. Kadi utaongeza baadaye ukipata pesa.

Muuzaji anasema ni "i7". Inatosha?

Hapana. Soma namba yote. Kwenye i5-8500, tarakimu 8 ya mwanzo inaonyesha ni kizazi cha nane. i7-2600 ni kizazi cha pili: ina jina kubwa lakini ni ya zamani na ina koa nne, wakati i5-8500 ina koa sita. Usilipe bei ya "i7" kabla hujaona namba kwenye skrini yenyewe.

Kizazi kina maana nyingine pia. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Kama pesa inatosha kizazi cha sita au cha saba tu, unaweza kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure. Counter-Strike 2 na Dota 2 zinacheza kwenye Linux, lakini Valorant haichezi. Kwa hiyo andika kwanza orodha ya gemu mnazotaka, ndipo uchague prosesa.

Kadi gani ya grafiki inafaa?

Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Pawa saplai ya kompyuta ya ofisi mara nyingi ni ya wati 180 hadi 260, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kuibadilisha si rahisi, kwa sababu nyingi za Dell na HP zina plagi za aina yao wenyewe. Kwa hiyo tafuta kadi isiyohitaji waya, inayolishwa na mazabodi peke yake. Kikomo chake ni wati 75.

- GTX 1650: chaguo zuri. Lakini baadhi ya matoleo yana tundu la waya wa umeme, hayo yaache.
- GTX 1050 Ti: ya zamani kidogo, bado inafaa kwa gemu nyingi.
- RX 6400: inakula umeme kidogo, wati 53 hivi, ila hupoteza sehemu ya nguvu kwenye mazabodi za zamani.
- GT 710 na GT 730: hata zikiandikwa "4GB", ni dhaifu kwa gemu za leo. Kumbukumbu kubwa hailetei kadi nguvu.

Jihadhari na kadi bandia. Kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Ukiona kadi inaitwa hivyo lakini ina tundu la bluu la VGA, kuwa na shaka kubwa, maana kadi za kizazi hicho hazikutengenezwa na VGA. Hii pia inamaanisha kwamba monita ya zamani yenye VGA tu itahitaji adapta. Iweke kwenye bajeti.

RAM na diski

Lenga RAM ya GB 16. Vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi haraka kuliko kimoja cha GB 16, hasa kama kompyuta haina kadi. DDR3 na DDR4 haziingiliani, kwa hiyo piga picha ya RAM iliyopo kabla ya kwenda kununua nyingine.

Diski iwe SSD. GB 256 inatosha kuanzia, lakini gemu kama GTA V peke yake inachukua GB 100 hivi. Diski ya zamani ibakize kwa kuhifadhia gemu zisizochezwa kila siku. Kumbuka pia bando: ni nafuu kunakili gemu mliyonunua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kuliko kila mtu kuipakua upya.

Nigawe vipi pesa?

Huu ni mfano wa mgao wa shilingi 1,200,000. Si bei za duka, ni mipaka ya kujiwekea:

- Kompyuta ya ofisi na monita: 600,000
- Kadi ya grafiki: 350,000
- SSD: 100,000
- Stebilaiza, adapta na nyaya: 70,000
- Akiba ya safari na dharura: 80,000

Kama pesa haifiki, nunua kompyuta na SSD kwanza. Anza kuitumia kwa gemu nyepesi na kuchapa, kisha weka akiba ya kadi. Usifidie kwa kununua pawa saplai ya bei ya chini isiyo na jina: ikiharibika, inaweza kuchoma vifaa vingine vyote.

Nifanye nini kabla ya kulipa?

1. Nendeni wawili, mmoja awe anaelewa kompyuta. Beba kitambulisho chako.
2. Washa kompyuta dukani. Angalia prosesa, RAM na diski kwenye skrini, si kwenye karatasi iliyobandikwa.
3. Fungua programu ya bure ya GPU-Z kutoka kwenye flashi. Ikiandika neno FAKE, ondoka.
4. Iache kadi ifanye kazi nzito kwa dakika 20. Mistari ya ajabu kwenye skrini au kuzima ghafla ni dalili mbaya.
5. Lipia ukiwa umeona na kujaribu. Usitume pesa kwa simu kwa muuzaji usiyemjua, hata akikuletea picha nzuri.
6. Dai risiti yenye jina la kifaa, namba yake na siku za kurudisha. Itakusaidia pia ukiulizwa njiani umeitoa wapi.

Ukishaifikisha nyumbani, iweke juu ya meza, si sakafuni, na uisafishe vumbi kila mwezi ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Vumbi likijaa kwenye feni, kadi hupata joto na kuharibika mapema. Kama ni mali ya kikundi, andikeni kwenye daftari nani alichanga kiasi gani na nani anaitunza, kabla haijawashwa mara ya kwanza.